Mnyama Asiye na Uso

Dar es Salaam,
6 Februari 2024

Mwalimu wangu Ndalahwa,

Shikamoo.

Ni Kokuberwa Rwekaza, yule msichana wa kidato cha tatu uliyemrudishia mchoro wa jogoo mara nne kwa sababu hakuhesabu vidole vya miguu. Tangu siku hiyo sijaacha kuhesabu. Siku hizi ndiyo kazi yangu, kuhesabu vidole vya wanyama waliokufa kabla binadamu hajakuwapo.

Ndani ya kifurushi hiki kuna vipande sita vya plasta. Ni nakala za mifupa tuliyoichimba kusini, mkoani Lindi, miaka mitatu iliyopita: jino moja, kipande cha nyonga, muundi wa mguu wa kushoto na pingili tatu za mkia. Ni dinosaria mla nyama, mrefu kama lori, na hakuna mahali pengine duniani alipowahi kupatikana mwenzake. Hata jina hana. Wachoraji tisa tumewapa kazi, na wote tisa wamechora lile jitu la Amerika la kwenye filamu, wakabadilisha rangi.

Taasisi yetu inafungua ukumbi mpya mwishoni mwa Juni. Nataka mnyama wetu aingie mle akiwa yeye mwenyewe, si mwingine. Nakuomba umchore.

Ningekupigia, lakini mwanao Dorcas ameniambia simu yako unaitumia kukandamizia karatasi zisipeperuke. Basi nimeandika.

Mwanafunzi wako,
Kokuberwa


Mkuyuni, Mwanza,
19 Februari 2024

Kokuberwa,

Marahaba. Sitakuuliza hali yako na wewe usiniulize yangu. Watu wazima wakiulizana hali kwa barua hudanganyana tu.

Vipande vimefika. Konda wa basi alidhani ni vitu vya mganga, akaviweka mbali na mizigo ya watu. Nimevipanga juu ya meza ya chakula wiki nzima, Dorcas anapakua ugali pembeni kana kwamba ndani kuna mgonjwa.

Nimefundisha kuchora miaka thelathini na hakuna mkubwa yeyote aliyewahi kuniletea hata penseli. Nimestaafu, mgongo umepinda, ndipo nakumbukwa kwa ajili ya mnyama mfu. Sawa. Nyie watu wa Kagera mkisoma mnapata adabu, ila inachelewa kufika. Nitamchora.

Lakini ujue ninavyofanya kazi. Zamani, kabla kila mtu hajawa na kamera mfukoni, watu wa Misungwi na vijiji vya huko walikuwa wakiniita msibani. Marehemu hakuacha picha na familia inataka sura ya kuweka ukutani. Sikuwauliza alikuwaje. Ukimuuliza mfiwa, atakuelezea malaika. Niliwakalisha ndugu zake wa damu kwenye benchi, mkubwa hadi mdogo, nikatafuta wanachofanana wote: paji la uso, pua, namna kidevu kinavyokaa. Hicho ndicho cha marehemu. Kingine chochote nilitaka shahidi.

Mara moja sikutaka shahidi. Mjane mmoja aliniletea ndugu watatu wa mumewe, wote masikio yao mazima, nami nikamchorea mume masikio mawili mazima. Mama yule alipofunuliwa picha mbele ya watu alisema, "Huyu ni mgeni." Kumbe sikio la kulia la mumewe lilikuwa limekatika nusu tangu ujana. Akalia upya, kilio cha mtu aliyefiwa mara ya pili, na safari hiyo muuaji nilikuwa mimi. Tangu siku ile, kisicho na shahidi nakiacha wazi. Jina langu halikai chini ya kitu cha kukisia. Nina kitu hicho kimoja tu cha kujivunia, usije ukakichezea.

Haya, niambie. Ndugu zake huyu mnyama ni akina nani?

Nestory Ndalahwa


Dar es Salaam,
4 Machi 2024

Mwalimu, shikamoo.

Nimewasomea wenzangu barua yako ofisini. Umeeleza kwa benchi la msibani kitu ambacho mimi nilikisomea miaka minne nje ya nchi.

Ndugu zake ni wa pande mbili. Upande mmoja mamba, upande wa pili ndege wote, hata kuku wako. Kile ambacho mamba na ndege wanacho kwa pamoja, na yeye alikuwa nacho. Wakalishe kwenye benchi.

Kuna jambo moja. Wakuu wangu wanauliza kuhusu kichwa. Tunalo jino tu, fuvu halikupatikana, wala mfupa wowote wa mkono. Wao wanataka mdomo uwe wazi, meno yaonekane. Wanasema watu hawatoki nyumbani kuja kutazama mkia. Nimewaambia Mwalimu ndiye atakayeamua.

Halafu mwandiko wako umekuwa mkubwa na mistari inapandana. U mzima kweli?

Kokuberwa


Mkuyuni, Mwanza,
2 Aprili 2024

Kokuberwa,

Huu ni mwandiko wa Dorcas. Vidole vyangu vimechoka. Mimi nasema, yeye anaandika, na nikitukana anaruka.

Nimekwenda mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, siku tisa kukaa na wale korongo wenye upara wanaogombea matumbo ya sangara. Ndege gani yule! Anatembea kama mdai aliyekuja mapema. Lakini nyonga zake zimenifundisha jinsi mwili unavyobebwa juu ya miguu miwili. Mamba sikutaka kumkuta akiwa hai. Mvuvi mmoja mzee alinipa mkia mkavu, nimeushika mpaka nimeuota.

Sasa sikiliza. Huo muundi mmewahi kuupitishia kidole polepole, kutoka kwenye goti kwenda chini? Ukishapita katikati kuna uvimbe kama fundo la kamba, na chini ya uvimbe mfupa umepinda kidogo kwenda nje. Nilidhani fundi wenu wa plasta alisinzia kazini. Nimepima tena na tena. Mfupa ule ulivunjika mnyama akiwa hai, ukajiunga wenyewe, ukaunga vibaya. Kaguse mfupa wenyewe, acha picha. Kama ni kweli, mnyama wenu alichechemea miaka, na wachoraji wako tisa wamemsimamisha kama askari wa gwaride.

Kichwa hakina shahidi. Jino moja si mdomo. Wakuu wako wakitaka kuona mdomo wazi waende kwa daktari wa meno. Nimempa mnyama sababu ya kutouonyesha: anakula. Ameinama, kichwa na mikono vimezama ndani ya matete, na uzito ameuegemeza mguu wa kulia. Hakuna atakayesema nimemkata kichwa, na hakuna atakayesema nimedanganya. Rasimu imo humu.

Nestory Ndalahwa

*

Dada Koku, shikamoo. Karatasi hii nimeichomeka baba asijue. Si vidole, ni macho. Ana presha ya macho na daktari amesema kilichopotea hakirudi. La kushoto lilikwisha mwaka jana. La kulia anaona kama mtu anayechungulia kwenye mrija, na kila wiki mrija unazidi kuwa mwembamba. Ule uvimbe wa mguu hakuuona, aliupapasa. Mistari mikubwa anaivuta mwenyewe, nukta ndogo naziweka mimi naye amesimama mgongoni kwangu akigomba. Hataki ujue. Anasema ukijua utampa kazi ya huruma. Huu ndio mchoro wake wa mwisho, dada. Naomba sana utoke vizuri.

Dorcas


Dar es Salaam,
20 Aprili 2024

Mwalimu wangu, shikamoo.

Nimeugusa.

Nilifungua kabati, nikafumba macho, nikaupitishia kidole kama ulivyosema. Uvimbe upo. Mfupa ule umekaa kabatini kwangu miaka mitatu, nimeupiga picha mia mbili, na sikuujua. Tuliupeleka ukapigwa picha ya ndani kama wanavyopigwa wagonjwa: ulivunjika, ukaunga. Kwenye ripoti nimeandika kwamba aliyegundua ni Mwalimu Nestory Ndalahwa wa Mkuyuni, Mwanza. Wataalamu wa nje wananiuliza wewe ni profesa wa chuo gani. Sijawajibu, nimewaacha wahangaike.

Kosa lako ni moja, na limenichekesha mpaka nikatokwa machozi. Matete. Enzi zile nyasi za aina yoyote zilikuwa bado hazijatokea duniani, na matete ni nyasi. Umemficha kwenye ziwa lako, Mwalimu, na yeye hakuwahi kuliona. Weka kangaga, mimea isiyotoa maua, kama zile zinazoota mabondeni kwetu Muleba. Zilikuwapo, na ni ndefu za kutosha kuficha kichwa.

Kichwa kibaki kilekile kilipo. Nitakitetea mwenyewe mbele ya wakuu. Nakuahidi.

Kokuberwa


Dar es Salaam,
1 Julai 2024

Mdogo wangu Dorcas,

Barua hii ni yako peke yako. Sikuthubutu kukupigia simu, maana ungesikia sauti yangu.

Kwenye kifurushi kuna kijitabu cha maonyesho. Kabla hujamwita baba, fungua ukurasa wa kumi na mbili.

Umeona. Wamemwinua kichwa kutoka kwenye kangaga. Mdomo uko wazi, meno arobaini nimeyahesabu, na mikono wamempa. Mguu hawakuugusa.

Mchoro wa baba ulipofika mwezi wa Mei nilimwandikia kwamba ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kuzishika, na sikumdanganya. Ulikaa ukutani kwangu. Siku kumi kabla ya ufunguzi wakuu wakasema mnyama aliyefukia uso hawezi kukaa mlangoni. Nikapewa mawili: mchoraji wa kompyuta amalizie kichwa, au mnyama wetu arudi kabatini na lile jitu la Amerika likae pale. Nilibishana Jumatatu, nikabishana Jumanne na Jumatano. Alhamisi nilitia saini. Nikaomba basi jina la Mwalimu litolewe. Wakakataa. Kwa sababu ya ule mguu, jina lake ndilo linalofanya watu waiamini picha. Kwa hiyo limo, chini ya kichwa kile, kwa herufi nene.

Uliniambia mwezi uliopita kwamba sasa haoni kabisa. Naomba umwambie picha iko kama alivyoiacha. Ni ya mwisho, Dorcas. Ukweli utamfaa nini mtu asiyeweza tena kuchora nyingine? Nilitaka kuandika kwamba sikuombi kwa ajili yangu. Nimekaa na kalamu nikaona hapana, ni kwa ajili yangu pia. Nina aibu.

Dada yako,
Koku


Mkuyuni, Mwanza,
15 Julai 2024

Kokuberwa binti yangu,

Leo nakuambia nilichokuficha. Sioni. Tangu ulipoanza kunituma nilikuwa nazama polepole, na kangaga zako nilizimalizia kwa kupapasa. Nilificha kwa sababu nilitaka kazi, sikutaka msaada. Unisamehe.

Dorcas amenieleza picha alasiri nzima, kipande kwa kipande, kama nilivyomfundisha. Amenipa rangi ya mgongo, amenipa mkia, amenipa mguu mbovu na ule unaobeba. Nilimuuliza mara tatu kuhusu kichwa. Mara tatu akasema, "Kimezama, baba. Kimezama kwenye kangaga."

Nilikuwa nimejiandaa kukutukana. Nawajua wakubwa, nilijua watakushinda, na matusi nilikwisha kuyapanga, mengine ya Kisukuma kabisa, ungehitaji mkalimani. Yote yamebaki mdomoni. Umewasimamia. Sijui uliwaambia nini, ila kwa umri wangu wote hakuna mtu aliyesimama mahali kwa ajili ya neno langu. Nimelia, na naona aibu kumwambia Dorcas aandike hivyo, lakini andika, Dorcas.

Kijitabu nakilalia. Ukurasa wa kumi na mbili nimeukunja pembe. Mwenzangu Shigela, aliyekuwa akifundisha jiografia, yuko kwa mwanawe Bukoba. Akirudi nitamfungulia na yeye aone.

Baba yako,
Nestory Ndalahwa

*

Dada, maneno yote hayo nimeyaandika kwa mkono wangu, yeye akinisubiri nimalize kila sentensi. Kijitabu cha kweli nimekificha chini ya magunia. Anacholalia ni kile cha maelekezo ya friji. Kinalingana ukubwa na karatasi zake zinateleza vilevile. Niliona ni heri. Sasa sijui tena nilichoona.

Dorcas


Mkuyuni, Mwanza,
9 Septemba 2024

Kokuberwa Rwekaza,

Shigela amerudi. Alikuja Jumapili ya tarehe mosi baada ya ibada, tukakaa barazani, nikampa kijitabu changu nikamwambia, fungua nilipokunja. Nilimsikia akifungua kurasa, akizirudia. Kisha akasema, "Mwenzangu, hapa kuna maelekezo ya kusafisha mpira wa mlango wa friji."

Nilicheka. Nilidhani ni utani. Nikamwambia afungue ukurasa mwingine, akanisomea kuhusu barafu.

Dorcas alikileta cha kweli mwenyewe, analia, akakiri yote, karatasi aliyokuchomekea Aprili na barua yako ya Julai. Shigela akanieleza mnyama wako. Ni mtu mwaminifu, hakunipunguzia hata jino.

Nataka mambo mawili. La kwanza, toa jina langu chini ya kichwa kile. Mkishindwa kulitoa wino, bandikeni karatasi juu yake. Mguu uache, na kwenye mguu jina langu uliache pia, kwa sababu ule nimeugusa na wewe umeugusa. La pili, usinitumie tena kitu chochote, wala pole.

Sikukasirikia kushindwa kwako. Mtu mmoja hawezi kuwashinda wakubwa, nilikwishakuambia nilikuwa nimekuandalia matusi, na baada ya matusi ningekuandikia tena. Ungeniambia tu, "Mwalimu, nimeshindwa, wamekiinua kichwa." Ningekasirika mwezi mmoja. Tungekuwa bado mwalimu na mwanafunzi. Lakini ulijua tangu Aprili kwamba macho yangu yamekwisha, na ulipopata la kunificha ukatumia hilohilo. Ukamshika mwanangu mkono, mkaenda wote.

Kwa mtu asiyeona, watu ndio macho yake. Mmoja akisema kuna ngazi, unainua mguu. Akisema hakuna, unatembea. Dorcas alisema "kimezama" mara tatu na nilimuuliza kila mara kwa namna tofauti, kama ninavyowahoji mashahidi, na sauti yake haikutikisika. Siku hizi nikiambiwa mvua inanyesha natoa mkono dirishani. Nikiambiwa chai ina sukari nakoroga tena. Hata saa ya ukutani namuuliza mtu wa kwanza, nasubiri, namuuliza wa pili.

Dorcas yupo. Anapika, anafua, ananishika mkono kwenda chooni, na hatujagombana. Naamini alitaka niwe na furaha, na nilikuwa nayo, karibu miezi miwili, sijawahi kuwa na furaha kama ile. Ndiyo maana siwezi kuisamehe. Hanisomei tena wala haniandikii.

Barua hii inaandikwa na Mama Precious wa duka la hapa jirani. Wewe hakufahamu, na Dorcas si rafiki yake, wala hana habari na dinosaria. Akimaliza atanisomea mwanzo hadi mwisho. Kisha nitaibeba mwenyewe mpaka kwa Chenge, fundi cherehani, ambaye yeye na Mama Precious hawasalimiani mwaka wa tatu sasa, naye anisomee yote. Zikifanana, nitaituma.

Nestory Ndalahwa